Joho la Wifi

Mwalimu wa kwaya alilitangaza jambo lile akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo, kama mtu anayerusha jiwe huku ameshajua pa kukimbilia.

"Krismasi mwaka huu," alisema, "ubeti wa kwanza atauanza Wifi."

Kila mtu pale kanisani alimwita Wifi, hata ambao hawakuwa na kaka wa kumwoza, kwa kuwa ndivyo Fundi alivyomtambulisha siku ya kwanza alipomleta kwenye mazoezi. "Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, ana sauti, msimwache." Jina likaganda. Ndiyo kusema Fundi mwenyewe ndiye aliyemleta, alimshika mkono, akamvutia kiti.

Sasa alikuwa akitabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la meno matupu.

Ubeti ule haukuwa ubeti wa kawaida. Katika kanisa lao, asubuhi ya Krismasi, waumini husimama kimya, kinanda kimya, watoto wameshikwa midomo. Kisha sauti moja, peke yake, huanza kuimba kutoka mlangoni na kutembea polepole mpaka mbele. Kwaya huipokea kwenye ubeti wa pili. Kwa miaka kumi na mmoja sauti hiyo ilikuwa ya Fundi. Watu wengine mtaani hawakujua kwamba anashona nguo, lakini walijua kwamba ndiye yule mama wa ubeti wa kwanza.

"Ni mambo ya nota tu," mwalimu aliongeza, macho yakiwa kwenye komeo. "Wimbo ni mpya, umeandikwa kwa nota. Wifi anazisoma. Wewe Fundi, mama yangu, unaimba kwa sikio. Sikio lako ni zuri, sikatai."

"Sikio nalo limestaafishwa!" alisema Ngurumo, mwimbaji wa sauti nzito, na watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Alicheka kuliko wote, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Alikuwa mwanamke wa sala, si wa kuigiza. Kusoma alijifunzia ukubwani, na kitabu chake cha sala kilikuwa kimechakaa kwenye kona kwa kufunguliwa na vidole vyenye chaki ya kushonea. Alikuwa na desturi ya kushukuru kwa kila kitu. Uzi ukipita tundu la sindano kwa mara ya kwanza, "Asante Bwana." Pasi isipounguza kola, "Asante Bwana." Mteja mbishi akiondoka, asante mbili. Lakini jioni ile, akirudi nyumbani, alifumbua kinywa kusema na Mungu na maneno yaliyotoka yalikuwa haya: "Kwani mimi nimekukosea nini?"

*

Majoho mapya ya Krismasi aliyashona yeye, kama kawaida. Mwaka huu yalikuwa ya mahameli, rangi ya zambarau. Mahameli hakuwa ameyazoea. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule, mapazia, na magauni ya kitambaa kisicho na maringo. Mwenye duka la vitambaa alimpapasia kile kitambaa juu ya meza na kumwonya.

"Mama, hiki kina vinyweleo. Kila kipande ukikate kikielekea upande mmoja. Mkono ukishuka kutoka shingoni kwenda chini, ukute laini. Ukigeuza kipande kichwa chini miguu juu, rangi yake itakusaliti."

Fundi alilishika neno hilo.

Wifi alikuja kupimwa siku ya Jumanne, mchana, amebeba mwavuli na furaha yake yote.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Simama wima. Usiinue mabega kama kuku aliyenyeshewa."

"Ni uoga, wifi yangu. Tangu mwalimu aseme, usingizi sina. Kila nikifumba macho naona ule mlango."

"Mlango hauli mtu." Fundi alimzungushia futi kifuani, akaandika tarakimu. Shingo ndefu. Kiuno kama cha msichana, na watoto wawili keshazaa. Hata futi ilionekana kumpenda, ililala bila mkunjo.

"Wifi, nikuulize. Ubeti huu mpya unapanda kama ule wako wa zamani. Kabla ya ile sauti ya juu, wewe ulikuwa unavuta pumzi wapi?"

Swali lilikuwa la heshima. Mtu mwingine angelipokea kama zawadi. Fundi alijua jibu barabara: unavuta kabla ya neno la mwisho la mstari, si baada yake, na unaivuta kwa pua ili watu wasisikie. Jibu hilo lilimchukua miaka mitatu kulipata.

"Kila mtu na mapafu yake," alisema. "Geuka nikupime mgongo."

Wifi akageuka. Hakuuliza tena. Alipokuwa anaondoka alisema asante, na asante yake ilikuwa ya kweli kabisa, jambo lililomuudhi Fundi zaidi kuliko kama angemtukana.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda kumwona mama yake. Mzee huyo aliishi kwa kaka mtu, yaani kwa Wifi. Magoti yalimsumbua, na kwa miaka miwili alikuwa akisalia nyumbani, redio pembeni na kitabu cha nyimbo mapajani. Fundi alimkuta uani amekaa kwenye kiti, nywele zimesukwa vizuri, kucha zimekatwa, miguu imepakwa mafuta ikang'aa.

"Nani kakusuka, mama?"

"Mkwe wangu. Nani mwingine?"

Mkwe wangu. Halafu chai ikaja, na kumbe huyo "mkwe wangu" anajua kiasi cha sukari. Kisha mto wa mgongoni, ambao "mkwe wangu" aliushona kwa mkono. Fundi aliukagua ule mto kwa jicho la kazi. Mshono ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Alifurahi, kisha akajionea haya, kisha akafurahi tena.

"Nasikia ndiye atakayeanza ubeti," mama alisema.

"Ndivyo walivyoamua."

"Basi mwaka huu nitakwenda. Nimemwambia mwanangu anibebee kiti hiki hiki, aniweke mbele. Magoti yakatae yasikatae."

Fundi aliweka kikombe chini. "Mwaka jana nilikuomba uje ukanisikie, mama. Ukasema huwezi."

"Mwaka jana nilikuwa naumwa."

"Na mwaka juzi?"

Mama alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Wewe mwanangu nimekusikia tangu ulipolia mara ya kwanza. Sauti yako naijua. Ya huyu bado sijaijua."

Mama hakuwa na nia ya kuumiza. Ila moyo wenye wivu ni kama kidole chenye donda, kila kitu kinakigonga hicho hicho. Fundi alitoka pale bila kumaliza chai.

*

Siku iliyofuata alitandika mahameli juu ya meza ya kukatia. Joho lake mwenyewe alikuwa amelikata la kwanza, akalipa upana wa kutosha chini ili lipepee. Yakafuata mengine kumi na mawili, na hayo kumi na matatu alikuwa ameshayashona na kuyapeleka kanisani, yananing'inia kabatini. Lilibaki la Wifi. Alikuwa ameliacha liwe la mwisho makusudi.

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kifupi. Vipande vya joho vikiwa vyembamba juu na vipana chini, kuna ujanja ambao kila mshonaji anaujua: ukivigeuza kichwa chini, vinaingia kwenye mapengo yaliyoachwa na vipande vilivyotangulia. Kwenye kitambaa cha kawaida hakuna anayejua. Kwenye mahameli, mwenye duka alikwishasema, rangi itakusaliti.

Alisimama na chaki mkononi. Kwa kubana hapa na kupunguza pale, kitambaa kingetosha upande ulio sahihi. Alijua hivyo. Pia alijua udhuru wake ungekuwaje: kitambaa kilipelea jamani, ningefanyaje. Akaliona lile joho mbele ya watu, limefifia, limechujuka, kama vazi lililofuliwa mara mia kati ya mavazi mapya. Hakumtakia mtu ugonjwa wala kifo. Alitaka tu aonekane mdogo kwa asubuhi moja.

"Bwana, unajua kitambaa hakitoshi," alisema kwa sauti.

Mtu anapomweleza Mungu jambo ambalo Mungu anaona vinginevyo, chumba huwa kimya sana.

Akageuza vipande vyote. Mgongo, kifua, mikono, vyote kichwa chini. Akakata. Alishona siku nzima peke yake karibu na dirisha, na joho likatoka lenye giza giza, lisilo na mng'ao. Mengine hayakuwapo pale ili ayafananishe. Akaridhika. Alipotunga uzi kwa ajili ya pindo, ukapita mara ya kwanza. Hakushukuru.

*

Mazoezi ya mwisho yalifanyika siku mbili kabla ya Krismasi, saa kumi alasiri. Mwalimu aliagiza kila mtu avae joho, maana sheria ya kwaya yao ilikuwa moja: asiye na joho hasimami. Taa zote za mbele zikawashwa.

Wanakwaya walijipanga. Chini ya zile taa, majoho kumi na matatu yaliyokatwa kwa utii yalipokea mwanga juu ya vinyweleo vyao laini, yakaurudisha. Mabega yote yakaonekana meupe meupe, kama yamepakwa majivu. Kisha Wifi akaingia kutoka mlangoni.

Ngurumo ndiye aliyepiga mluzi, ndani ya kanisa.

Joho la Wifi lilikuwa limeunywa mwanga wote. Zambarau yake ilikuwa nzito, iliyoiva, yenye kina kama usiku usio na mwezi, na shingo yake ndefu ilitoka humo kama mshumaa. Vinyweleo vilivyogeuka juu havikufifisha rangi. Viliifanya ikolee. Mwenye duka alisema rangi itasaliti. Hakusema itamsaliti nani. Kuchakaa kulikuwa kumeongezwa na Fundi mwenyewe, kichwani mwake, kwa kuwa ndicho alichokitaka.

Amechimba shimo, na aliyemchimbia amesimama juu ya kichuguu.

"Haya!" alisema mwuza mboga, jirani wa Fundi kwenye mstari, mikono kiunoni. "Mwenzetu kashonewa kitambaa cha peke yake."

"Ni kile kile," Wifi alisema akijitazama mikono. Kisha akawatazama wenzake, naye akaona. "Mbona... mbona kiko hivi?"

"Usitufanye watoto. Kile kile gani? Sisi tumekuwa kama magunia ya unga!"

"Na ubeti apewe yeye, na mahameli ya kifalme yeye!" sauti nyingine ilisema kutoka nyuma. "Anataka aonekane tangu mlangoni."

"Mimi nilipimwa tu, dada zangu. Kama nyinyi."

"Kapimwa! Kwani futi inapima na rangi?"

Kicheko hakikuwa kizuri. Mwalimu akashusha karatasi zake. "Wifi, kwaya ni sare. Kama uliomba kitambaa cha peke yako, ungesema. Krismasi tunamwimbia mtoto aliyekosa hata chumba, sisi tunashindana mavazi?"

"Sikuomba, mwalimu. Muulizeni wifi yangu."

Wakamgeukia Fundi. Wifi naye akamgeukia, na machoni pake hamkuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa akisubiri tu wifi yake aseme neno moja, mambo yaishe.

Fundi aliutazama uso ule na kinywa chake kikabaki kimefungwa.

Wifi aliinamisha kichwa. Alivua joho taratibu, akalikunja vizuri, mahameli ndani bitana nje, kama wanavyokunja watu wanaoheshimu kazi ya mkono. "Basi," alisema. "Ubeti mpeni mwenyewe. Aliuimba miaka yote, hakuna aliyelalamika. Mimi nitakaa na mama." Akamkabidhi Fundi lile joho. "Pole wifi, nimekusumbua bure."

Mwalimu alikuna kidevu. "Fundi, ule wimbo wa zamani bado unao? Unaweza kuuanza?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliomba tangu siku ya komeo. Jibu la sala lilikuwa limeletwa hadi mikononi mwake, limekunjwa vizuri. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Mwuza mboga alikuwa tayari anamfinya mkono kwa furaha. Ndiyo ilifika kwenye ulimi. Na kwa mazoea ya miaka mingi, kabla hajaitoa, moyo wake ukakimbilia kusema asante Bwana.

Neno likakataa. Alilisukuma, likakataa. Alikuwa ameshukuru kwa sindano, kwa pasi, kwa uzi, kwa mvua iliyosimama akivuka barabara, na kwa hili, kubwa kuliko yote, hakuwa na asante. Akaelewa, palepale, mbele ya watu, kwamba kitu usichoweza kukishukuria hukupewa na Mungu. Umekiiba.

"Si yeye," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema si yeye. Ni mimi." Sauti yake, ile waliyoisifu miaka kumi na mmoja, ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. "Kitambaa ni kile kile. Nilivigeuza vipande kichwa chini. Niliambiwa rangi ingebadilika, nikadhani itachujuka. Nilitaka asimame mbele yenu amechakaa. Kitambaa kingetosha. Nisingekwambieni hivyo, ningesema kilipelea, lakini kingetosha."

Mwuza mboga aliuachia mkono wake.

"Kwa sababu ya ubeti?" aliuliza mwalimu.

"Ubeti. Na nywele za mama. Na kila kitu." Alimgeukia Wifi. "Uliniuliza pumzi nikakunyima. Nisamehe, wifi yangu. Nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kusali."

Wifi hakumkumbatia. Alisimama mikono imelala ubavuni, na machozi yaliyokuwa ya aibu yakawa ya hasira.

"Mimi nakosa usingizi kwa ule mlango," alisema, "wewe unanikatia nguo ya kuchekwa. Na nilikuwa nakuita mama wa pili."

"Ndiyo."

"Na sasa hivi ungenyamaza, ningekwenda nyumbani hivyo hivyo, mwizi wa sifa."

"Ndiyo. Nilitaka kunyamaza."

"Afadhali umesema. Ila sijui nitakusamehe lini. Usinihimize."

"Sikuhimizi."

Ngurumo alikohoa. "Jamani," alisema, "na sisi wenye majivu mabegani tufanyeje?" Mtu mmoja akacheka kwa pua, kisha wawili, na mwalimu akapata nafasi ya kugonga meza.

Suala la joho aliliamua Wifi mwenyewe. Alilichukua kutoka mikononi mwa Fundi, akamrushia begani. "Hili vaa wewe. Mimi nipe lako." Na kwa sheria ya kwaya, asiye na joho hasimami, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kulikwepa.

"Wifi," Fundi alisema walipokuwa wakibadilishana. "Pumzi inavutwa kabla ya neno la mwisho. Si baada. Kwa pua."

Wifi alifunga vifungo bila kumtazama. Lakini midomo yake ilirudia: kabla, si baada.

*

Asubuhi ya Krismasi Fundi alisimama mstari wa nyuma, amebanwa kiunoni na nguo ya mtu mwembamba, yeye ndiye mwenye rangi nzuri kuliko wote. Kila aliyeingia alimtazama yeye kwanza. Watatu walikuwa wameshamsifia nje mlangoni, na wote watatu aliwaeleza kwa nini limekuwa hivyo. Wa tatu alimwomba ampunguzie maelezo.

Mama yake alikuwa mbele, kwenye kiti chake cha uani, amejipinda shingo kuangalia mlango. Hakumtafuta binti yake kwa macho. Ilimchoma Fundi. Alidhani kuungama kungelitoa lile donda kama mtu anavyotoa mwiba, kumbe siku mbili zimepita na bado likiguswa linauma. Alisali sala fupi aliyokuwa hajaisali tangu mwezi uliopita. Alimwombea Wifi kwa jina lake la ubatizo, ambalo hata yeye ilibidi alikumbuke kwanza, aifikie ile sauti ya juu.

Kinanda kikanyamaza. Watu wakasimama. Wifi akaanza kutoka mlangoni, mabega yake meupe meupe, hatua moja moja. Sauti ilikuwa nyembamba mwanzoni. Karibu na katikati ikapata mwili. Fundi aliusikia ubeti ukipanda, akajikuta yeye mwenyewe anavuta pumzi, kwa pua, kabla ya neno la mwisho, na kule katikati ya kanisa Wifi naye akavuta, kisha akapanda.

Ilikuwa nzuri. Fundi hakuwa mtu wa kujidanganya katika mambo ya sauti. Ilikuwa nzuri kuliko yake, hata yake ya mwaka wa kwanza.

Mwuza mboga alimwinamia sikioni. "Shoga, wewe ulikuwa unaimba kwa hisia zaidi. Huyu ni nota tu."

Mwezi mzima Fundi alikuwa na kiu ya maneno hayo hayo, na sasa yalikuwa yamefika, matamu kama asali, na hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Nyamaza," alisema. "Unanizibia sikio."